Kuanza Shule ya Awali Sasa au Kusubiri Mwaka: Ulinganisho kwa Mzazi Anayeamua

Mtoto anapokaribia kutimiza miaka mitatu, swali la shule huingia nyumbani bila kupiga hodi. Jirani ameshampeleka wake, bibi anasema huyu bado mchanga, na ratiba ya kazi ya wazazi nayo ina lake la kusema. Katika makala haya ninaziweka mkabala njia mbili zilizo mbele ya mzazi wa namna hiyo, yaani kumwandikisha mtoto katika muhula unaokuja, au kumwacha nyumbani kwa miezi 6 hadi 12 zaidi, na ninazipima kwa mambo ambayo kweli huamua kama siku zake za darasani zitakuwa njema. Nimewapeleka shule watoto wawili, mmoja nikamwahisha na mwingine nikamchelewesha, na tangu hapo nimekaa na wazazi wengi waliosumbuliwa na uamuzi huu huu, kwa hiyo nitasema wazi pale ninapoona upande mmoja una uzito kuliko mwingine.

Nianze kwa kuuondoa umri kwenye kiti cha hakimu. Nchini Ufaransa, tangu Septemba 2019, mtoto analazimika kuanza elimu akiwa na miaka 3. Nchini Ufini shule ya msingi huanza katika mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 7, baada ya mwaka mmoja wa maandalizi. Watoto wa nchi zote mbili hujifunza kusoma na kuhesabu, jambo linaloonyesha kwamba hakuna siku moja ya kuzaliwa ambayo mlango hufunguka kwa kila mtoto. Utayari ni uhusiano kati ya mtoto huyu, shule hii na hali ya nyumbani kwa wakati huu. Mtoto anaweza kuwa tayari kabisa kwa darasa la watoto 12 linalocheza kwa saa tatu kisha likarudi nyumbani, na mtoto huyo huyo asiwe tayari hata kidogo kwa darasa la watoto 40 wanaokaa kwenye madawati hadi alasiri. Ndiyo maana swali la kwamba yuko tayari au hayuko tayari halijibiki mpaka mzazi ajue ni tayari kwa kitu gani.

Kuagana mlangoni

Hili ndilo jambo ambalo wazazi huliuliza kwanza, na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Anayelia mlangoni siku ya kwanza hajathibitisha kwamba bado hajawa tayari, wala anayeingia bila kugeuka nyuma hajathibitisha kwamba yuko tayari. Katikati ya miaka ya 1950 mtafiti Mary Ainsworth aliwatembelea kina mama wa vijiji vya karibu na Kampala, nchini Uganda, akiwatazama pamoja na watoto wao wachanga, na aliona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa kituo chake: huondoka kwenda kuchungulia vitu, hurudi kujihakikishia kwamba mama yupo, kisha huondoka tena. Kilio cha kuagana kinatoka katika uhusiano huo huo, na ni kilio cha mtoto mzima wa afya. Cha kutazamwa ni kile kinachofuata mzazi akishapinda kona, hasa kama mtoto anakubali kubembelezwa na mtu mzima mwingine.

Mwanangu mkubwa alianza akiwa na miaka miwili na miezi tisa. Asubuhi ya kwanza aliushika mkoba wangu kwa mikono miwili, na mwalimu alipopiga magoti mbele yake na kumnyooshea mkono, aligeuza uso ukutani. Alilia kwa saa nzima siku hiyo, na siku ya tano bado alikuwa akilia kwa saa nzima. Wiki ya tatu aliacha kulia nami nikafurahi, mpaka mwalimu msaidizi aliponieleza kwamba tangu asubuhi hadi wakati wa kuchukuliwa mtoto alikuwa akikaa kando ya rafu ya viatu, amevipakata viatu vyake, asile wala asicheze, ili avivae mara tu nitakapotokea. Nilichokidhania kuwa ni kuzoea kilikuwa ni kukata tamaa. Mdogo wake, aliyeanza akikaribia miaka minne, alilia kwa sauti kubwa kuliko kaka yake, lakini alilia akiwa mapajani mwa mwalimu, na kabla ya robo saa kwisha alikuwa amekunja suruali ili amwonyeshe mwalimu huyo kidonda cha goti.

Tofauti ya watoto hawa wawili ndiyo ninayomwomba mzazi aitafute kabla ya kuamua, na haihitaji shule ili ionekane. Je, mtoto ameshawahi kubaki na shangazi, na rafiki wa familia, au na jirani kwa saa mbili tatu bila mzazi kuwapo? Alipoumia au alipoogopa katika saa hizo, alimkimbilia mtu huyo, au alijikunyata peke yake? Akimkimbilia, machozi ya mlangoni yatapita, mara nyingi ndani ya wiki chache, na kuanza sasa hakuna ubaya. Ikiwa hajawahi kabisa kuachwa na mtu mwingine, kusubiri kuna faida kubwa, mradi miezi hiyo itumike kumzoesha, kwa nusu saa leo na saa nzima wiki ijayo, akiagwa kila mara kwa maneno yanayoeleweka na mzazi akirudi wakati aliouahidi. Mzazi anayenyemelea mlango mtoto akiwa amegeuka anamfundisha kutogeuka tena.

Kuna pia wakati ambao ningesema asubiri hata kama dalili nyingine zote ni nzuri. Mtoto mwingine akiwa amezaliwa nyumbani mwezi huo, familia ikiwa inahama, au kukiwa na msiba au wazazi wanatengana, mtoto anabeba mzigo ambao bado hana maneno ya kuueleza. Kumwongezea shule juu yake ni kumfanya aamini kwamba ameondolewa nyumbani ili kumpisha mwingine. Miezi mitatu ya kutulia hubadilisha sana hali hiyo.

Kueleza anachohitaji

Hapa wazazi huhesabu maneno, ilhali kinachohitajika darasani ni kidogo kuliko msamiati na ni kigumu zaidi. Kwa kawaida mtu asiye wa familia humwelewa mtoto wa miaka mitatu katika takribani robo tatu ya maneno anayosema, na akifika miaka minne huelewa karibu yote. Vipimo hivyo vinasaidia, lakini havisemi kama mtoto atanyanyuka na kuomba.

Asubuhi moja nilikaa nyuma ya darasa la watoto wadogo wakati wa kula. Mtoto mmoja, mwepesi wa maneno, ambaye muda mfupi kabla alikuwa amenisimulia habari ndefu za paka wao, alishindwa kufungua chombo chake cha chakula. Alikivuta kifuniko, akakijaribu kwa meno, akakigeuza juu chini, kisha akakiweka mezani na kuwatazama wenzake wakila. Hakulia wala hakumwita mtu. Nilihisi kwamba nyumbani kuna mkono unaofungua kifuniko kabla hajaomba, na kwamba hakujua kuwa mahali pengine hutakiwa kuomba. Mtoto aliyekaa naye, ambaye maneno yake yalikuwa ya kuhesabika, alishuka kitini na chombo chake mkononi, akamvuta mwalimu nguo, akasema, "Fungua." Akafunguliwa, akala. Yule wa kwanza alirudi nyumbani na chakula chake, na nadhani mama yake aliambiwa tu kwamba hakuwa na njaa.

Kwa kipimo hiki, basi, mtoto wa kuanza sasa ni yule anayeweza kumjulisha mtu asiyemfahamu sana mambo manne: kwamba anataka kwenda chooni, ana njaa au kiu, anaumwa, na kuna mtu amemwumiza. Akiyajulisha kwa neno moja au kwa kidole, inatosha. Mtoto ambaye nyumbani kila kitu hufanywa kabla hajatamka, anaweza kuwa na maneno mengi na bado akahitaji miezi michache ya kuachwa aombe. Kazi hiyo ni ya mzazi zaidi kuliko ya mtoto, na ni ngumu, kwa sababu inambidi amwone mwanawe akihangaika na kifuniko kwa dakika nzima bila kuingilia.

Kwa mtoto ambaye lugha ya shule si lugha ya nyumbani kwao, ulinganisho hubadilika kidogo. Watoto wengi wa namna hiyo hunyamaza darasani kwa wiki kadhaa na wengine kwa miezi, huku nyumbani wakiendelea kusema kama kawaida. Ukimya huo si dalili ya kuchelewa, kwani mtoto husikiliza na kuweka akiba. Kusubiri mwaka mzima kwa matumaini kwamba lugha ya shule itakuja yenyewe nyumbani hakusaidii sana. Inafaa zaidi kuanza, kisha mwalimu afundishwe yale maneno manne ya haja katika lugha ya mtoto.

Choo, usingizi na maradhi

Haya nitayapitia kwa ufupi, ingawa ndiyo ambayo fomu za shule huyauliza kwanza. Watoto wengi huacha nepi za mchana kati ya miaka miwili na minne, na kukojoa kitandani usiku hadi miaka mitano au zaidi ni kawaida na hakuhusiani na shule. Kama shule inadai mtoto awe ameacha nepi naye bado, si busara kumbana katika wiki mbili za mwisho kabla ya muhula, kwa sababu mtoto aliyelazimishwa huanza kubana choo, akapata choo kigumu kinachomwumiza, na tatizo likawa kubwa kuliko lilivyokuwa. Asubiri muhula mmoja, au mzazi atafute shule inayokubali kusaidia. Kuhusu nguo, akiweza kushusha na kupandisha suruali yake mwenyewe inatosha, na vifungo vigumu viondolewe kwenye sare yake kabla ya kumlaumu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukihesabiwa, na awe katika mwendo kwa jumla ya angalau dakika 180. Chukua hesabu hiyo uiweke juu ya ratiba ya shule na ya safari. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari, na shuleni hakuna mahali pa kulala, itambidi awe usingizini saa moja jioni, saa ambayo katika nyumba nyingi wazazi ndio kwanza wanaingia. Hapa kusubiri kunashinda, au kuanza kwa nusu siku. Maradhi nayo yataongezeka popote atakapoanza, kwa kuwa mafua hupita katika kundi la watoto kwa urahisi sana. Kusubiri huyaahirisha tu, isipokuwa kwa mtoto aliyezaliwa njiti au mwenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu au wa kinga, ambaye daktari wake ndiye wa kuulizwa kwanza.

Kucheza na wenzake

Wazazi wengi wameniambia, "Hayuko tayari, bado anacheza peke yake." Hii ni hoja dhaifu. Mtafiti Mildred Parten, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1932 baada ya kuwatazama watoto wa shule ya awali nchini Marekani, alieleza hatua ambazo bado zinatumika: mtoto hutazama wengine wakicheza, hucheza kando yao na vitu kama vyao bila kushirikiana nao, hubadilishana nao vitu na maneno, na baadaye hushirikiana nao katika mchezo mmoja wenye lengo. Mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu anayejenga mnara wake pembeni ya mwenzake anayejenga wake yupo mahali anapostahili kuwapo, na kukaa miongoni mwa wenzake ndiko kutakakomsogeza mbele.

Kung'ang'ania vitu na kusukumana pia si sababu ya kusubiri, kwani hakuna mtoto wa umri huo aliyekwisha kujifunza kuzuia mkono wake. Kinachonipa wasiwasi ni mtoto ambaye kelele na wingi wa watu humwumiza kimwili, huziba masikio, hujificha chini ya meza, au hupiga kila anayemkaribia. Kwake, kundi dogo ni sharti la kuanza, na kama kundi dogo halipatikani, nyumbani ni bora kwa sasa.

Herufi na namba

Mtoto anayeandika jina lake akiwa na miaka mitatu huwapa wazazi fahari, na fahari hiyo huwafanya waamini kwamba ameiva. Kati ya vipimo vyote nilivyovitaja, hiki ningekipa uzito mdogo kuliko vyote. Herufi anaweza kufundishwa na yeyote na wakati wowote. Kukubali faraja ya mtu mgeni, kuomba, kungoja zamu yake kwa dakika mbili na kufuata agizo la hatua mbili, kama vile "vua viatu halafu njoo ukae", ndiyo mambo yatakayombeba darasani, na yakikosekana, herufi hazitamsaidia.

Utafiti wa muda mrefu unaunga mkono tahadhari hii. Mradi wa Perry, ulioanza mwaka 1962 katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, ulihusisha watoto 123 kutoka familia maskini, na wale walioingizwa katika shule ya awali walifuatiliwa pamoja na wale ambao hawakuingizwa hadi walipokuwa watu wazima wa miaka 40. Walioisoma shule hiyo walikuwa na kipato bora na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Mfano huu hutajwa sana na watetezi wa kuanza mapema, lakini wengi husahau kusema shule hiyo ilikuwaje: watoto walikaa saa mbili na nusu tu kwa siku, mwalimu mmoja alikuwa na watoto wapatao sita, na kila wiki mwalimu alimtembelea mtoto na mama yake nyumbani. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu mpango wa shule za awali za jimbo la Tennessee, uliwafuata watoto 2,990. Waliopata nafasi walitangulia mwanzoni, lakini walipofika darasa la sita alama zao zilikuwa chini ya za wale waliokosa nafasi, na makosa yao ya nidhamu yalikuwa mengi zaidi. Ukisoma tafiti hizi mbili pamoja, hoja ya kwamba shule ya awali daima ni faida huanguka, na hoja ya kwamba daima ni hasara huanguka nayo. Linalobaki ni shule gani.

Shule mbili zenye jina moja

Kwa sababu hiyo naona ulinganisho wa sasa au baadaye hauwezi kukamilika bila ulinganisho mwingine wa shule hii au ile. Tangu Friedrich Fröbel alipofungua kituo chake cha watoto wadogo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, wazo la msingi limekuwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mikono yake, kwa kucheza na kwa kushika vitu. Hata hivyo, zipo shule nyingi zinazoitwa za awali ambazo kwa hakika ni darasa la kwanza lililoshushwa umri, zenye madaftari, kazi za nyumbani na mitihani ya nafasi.

Katika shule ya aina ya kwanza, mtoto mwenye miaka mitatu kasoro anayekidhi vile vipimo vya faraja na kuomba anaweza kuanza sasa kwa moyo mweupe, hata kama hajui herufi moja. Katika shule ya aina ya pili ningesubiri, tena ningesubiri hata kwa mtoto mwerevu, kwa kuwa mkono wa mtoto wa miaka mitatu bado haujakomaa kushika kalamu kwa muda mrefu, na anachojifunza kutokana na daftari lililojaa alama nyekundu ni kwamba yeye hawezi. Mzazi asiye na shule nyingine karibu naye hapotezi kitu kikubwa kwa kuchelewesha mwaka mmoja katika hali hiyo.

Nenda ukakae darasani kwa saa moja, asubuhi ya kawaida, si siku ya wageni. Hesabu watoto, kisha hesabu watu wazima walio na watoto kweli, bila kumhesabu aliye jikoni. Kwa watoto wa miaka minne, kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu ni mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi 10, katika kundi lisilozidi 20, na kadiri watoto wanavyokuwa wadogo ndivyo hesabu hiyo inavyopaswa kushuka. Tazama kinachotokea mtoto akilia, ni nani anayemwendea na baada ya muda gani. Sikiliza kama walimu wanaongea na watoto au wanawaamuru tu kutoka mbele. Mimi huchungulia pia choo, kwa sababu mtoto anayeogopa choo cha shule atajibana mpaka arudi nyumbani, na mtoto anayejibana hajifunzi kitu. Shule ikikataa usikae darasani hata kwa nusu saa, hilo ni jibu tosha.

Kuwa mdogo wa darasa au mkubwa wa darasa

Darasa moja linaweza kuwa na watoto waliopishana karibu miezi 12, na kwa mtoto wa miaka mitatu miezi hiyo ni theluthi ya maisha yake. Anayeanza mapema mara nyingi huwa ndiye mdogo kuliko wote, na analinganishwa kila siku na waliomzidi kimo, maneno na utulivu. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watoto wadogo zaidi darasani hutambuliwa mara nyingi zaidi kuwa na tatizo la kutotulia na kukosa umakini, kuliko wenzao wakubwa wa darasa hilo hilo, jambo linaloashiria kwamba wakati mwingine utoto wa kawaida huhesabiwa kuwa ugonjwa. Hii ni hoja nzito upande wa kusubiri, hasa kwa mtoto aliyezaliwa karibu na tarehe ya mwisho ya kupokelewa.

Upande wa pili una hoja yake. Faida ya kuwa mkubwa wa darasa hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na mtoto aliyekomaa akiwekwa miongoni mwa wadogo zake huchoka na kuanza kutafuta vituko. Kwa mtoto aliyezaliwa katikati ya mwaka wa kupokelewa, sioni sababu ya kuifikiria sana tarehe ya kuzaliwa.

Mwaka wa kusubiri utajazwa na nini?

Wanaochagua kusubiri mara nyingi huzungumza kana kwamba muda wenyewe ndio utakaomkomaza mtoto. Linganisheni kwa uaminifu siku moja ya shuleni na siku moja ya nyumbani jinsi zilivyo. Kama nyumbani kuna mtu mzima anayezungumza naye, anayempeleka nje, anayemwachia akate mboga laini kwa kisu butu na kukunja nguo zake, na wapo watoto wawili watatu wa kucheza nao, huyo anapata shule ya awali bila sare. Utafiti mkubwa ulioanza nchini Marekani mwaka 1991, ukiwafuata zaidi ya watoto 1,300 tangu kuzaliwa, uliona kwamba hali ya nyumbani na namna mama anavyomjali mtoto vilihusiana na maendeleo yake kwa nguvu zaidi kuliko malezi ya vituoni. Uliona pia kwamba vituo vyenye ubora vilienda pamoja na lugha nzuri zaidi, na kwamba saa nyingi mno za vituoni zilienda pamoja na ongezeko dogo la utundu.

Lakini kama siku ya nyumbani ni runinga tangu asubuhi, na mlezi aliyechoka, na mtoto aliyefungiwa ndani kwa usalama wake, basi kusubiri ni kumwongezea mwaka wa upweke. Hapo shule ya wastani yenye walimu wapole inaishinda nyumba, na mzazi asione aibu kulikubali hilo. Mzazi anayelazimika kurudi kazini naye asione aibu. Haja yake ni sehemu halali ya ulinganisho huu, na mtoto hufaidika na mzazi asiyeishi kwa hofu ya kodi ya mwezi ujao.

Pale ambapo kusubiri kunadhuru

Kuna kundi moja la watoto ambao kwao ushauri wa "mwache, atakua tu" umeumiza wengi. Mtoto wa miaka mitatu ambaye haungi maneno mawili, ambaye hata watu wa nyumbani hawamwelewi, asiyegeuka akiitwa jina, asiyetazama watu usoni, au aliyekuwa akisema maneno fulani kisha akayapoteza, anahitaji kupelekwa kwa daktari sasa, na masikio yake yapimwe mapema, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi au mzito wa kuelewa. Kwa mtoto kama huyu swali la shule linakuja la pili. Mara nyingi kundi dogo lenye mwalimu mvumilivu ni sehemu ya msaada wake, na kumficha nyumbani mpaka "awe sawa" ni kumnyima miaka ambayo msaada hufanya kazi vizuri zaidi.

Njia ya katikati

Uamuzi huu hutolewa kwa wazazi kana kwamba ni mlango unaofungwa nyuma yao, lakini shule nyingi zinakubali mengine zikiombwa mapema. Siku tatu kwa wiki badala ya tano, au kuondoka kabla ya chakula cha mchana kwa mwezi wa kwanza, au mzazi kukaa darasani siku mbili za mwanzo, ni mambo yanayoweza kumfanya mtoto aliye nusu tayari awe tayari kabisa. Mimi hupendelea njia hii kwa watoto walio karibu na mstari, wale ambao vipimo viwili vinasema ndiyo na kimoja kinasema bado.

Mpe wiki sita. Usimuulize mtoto kama shule ilikuwa nzuri, maana atakujibu unachotaka kusikia. Muulize nani alikaa naye wakati wa kula, na sikiliza kama kuna jina. Mtazame usiku: mtoto anayezoea huchoka, hulala na kula kuliko kawaida, na anaweza kuwa mkorofi jioni kwa sababu amejizuia mchana kutwa. Anayezidiwa huanza kuamka kwa jinamizi, hurudia kujikojolea mchana baada ya miezi mingi ya kukauka, huacha kula, au hulalamika tumbo kila asubuhi ya shule na kupona siku za mapumziko. Dalili hizo zikiendelea baada ya wiki ya sita, na mwalimu naye akisema hajamwona akicheza, mtoe.

Ndivyo nilivyofanya kwa mwanangu mkubwa katika wiki ya saba. Nilikwenda kumchukua, nikamkuta pale pale kando ya rafu, nikamvalisha vile viatu na kumwambia mwalimu kwamba tutarudi mwaka ujao. Tulirudi baada ya miezi kumi, shule ile ile, mwalimu yule yule. Siku hiyo alivua viatu vyake mlangoni, akaviweka kwenye rafu, akaingia.